Nakala ni Akiba

Mali iliyowekwa mahali pamoja haina usalama. Watu wa Buna, mji mdogo wa Kaunti ya Wajir ulio katika njia ya kwenda Moyale, walilijua jambo hili zamani sana. Mfugaji mwenye busara hachungi ngamia wake wote katika malisho mamoja. Baadhi hubaki karibu na boma kwa ajili ya maziwa, wengine hupelekwa mbali, na wengine hukaa kwa jamaa. Ukame ukipiga upande mmoja, mbegu husalia upande wa pili. Hekima hiyo ya wafugaji ndiyo ninayotaka uitumie katika jambo la siku hizi, nalo ni kunakili diski kwa kompyuta ya nyumbani.

Pengine utauliza, mwalimu ana haja gani na diski? Haja yangu ni sauti zilizomo. Lugha ya Kisomali haikuwa na hati rasmi mpaka mwaka 1972. Kabla ya hapo shairi lilikaa kifuani mwa mtu, na mtu akifa huenda nalo. Kampuni ya Philips ilionyesha kaseti kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na baadaye kaseti ikawa kitabu cha wasio na kitabu. Mnamo 1979 na 1980 washairi wa Somalia walijibizana katika mfululizo wa mashairi uitwao Deelley, na kaseti zikayachukua maneno yao mkono kwa mkono, toka mji hata mji. Vita vilipoukumba mji wa Hargeysa mwaka 1988, tepu za redio zilifichwa, nyingine zikafukiwa ardhini, zisiangamizwe na mabomu. Waliozificha walijua thamani ya walichokuwa nacho.

Lakini kaseti ina udhaifu. Ukinakili kaseti kutoka kwa nakala ya kaseti nyingine, kila mara mvumo huzidi na sauti hufifia. Diski haina kasoro hiyo, kwa maana sauti yake ni hesabu: kila sekunde moja hupimwa mara 44,100, na vipimo hivyo huandikwa kwa tarakimu. Saba ikinakiliwa sawasawa hubaki saba. Nakala ya kumi yaweza kuwa sawa na ya kwanza, ikiwa mnakili ni mwangalifu.

Siku moja bibi mmoja mzee wa hapa aliniletea diski iliyofungwa katika kitambaa.

“Mwalimu mwanangu,” alisema, “sauti ya marehemu mzee wangu imo humu. Wajukuu wake hawajapata kuisikia.”

“Nitajaribu, mama,” nilimjibu, “ila siwezi kukuahidi.”

Nilipangusa vumbi kwa kitambaa laini, toka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha, kwa kuwa mkwaruzo unaofuata mzunguko hudhuru zaidi. Kompyuta ilisoma kwa shida, ikakwama mahali pawili palipokwaruzwa. Tulipoketi kusikiliza na kufika penye pengo la kwanza, bibi alilijaza kwa kinywa chake mwenyewe, bila kusita. Penye pengo la pili alinyamaza. Maneno hayo hapakuwa na mtu tena wa kuyakumbuka, na hayatarudi.

Basi shika mambo haya machache. Unapotoa sauti katika diski, ihifadhi kwanza nzima bila kuipunguza. Nakala nyepesi ya simu ifanywe baadaye, kwa sababu wepesi wake hupatikana kwa kuacha sehemu ya sauti. Unapoirudisha katika diski tupu, yaani kuichoma kama wasemavyo vijana, kumbuka kuwa diski ya kawaida huchukua dakika 80 tu. Usiichome kwa pupa, na ukimaliza isikilize mwanzo hata mwisho, kwani nakala isiyokaguliwa ni tumaini tu. Kisha usiiache juani, maana mwanga huharibu rangi inayobeba maandishi yake. Weka nakala moja katika kompyuta, moja katika diski au flashi, na ya tatu katika nyumba nyingine kabisa. Wala usikawie: kompyuta nyingi mpya hazina tena mlango wa diski.

Jambo moja la mwisho ni la heshima. Sauti ya babu yako ni urithi wa nyumba yenu, lakini wimbo wa mwimbaji ni jasho lake, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda. Kuhifadhi ni wema. Kuuza jasho la mwenzio bila idhini yake ni wizi, hata kama mashine imeurahisisha.

Nawe msomaji, huenda kwenu iko diski au kaseti iliyolala sandukuni, imebeba harusi, mawaidha au shairi. Iulizie leo, wakati mwenye kukumbuka yu hai, maana mashine husoma kilichoandikwa tu, na kile ambacho hakikuandikwa kimo vifuani mwa wazee.