Ziara ya Bure

Mteja aliniandikia usiku, saa tano na kitu. Alitaka maneno 1,200 kwa Kiingereza kuhusu ziara ya bure ya kutembea kwa miguu Mji wa Kale, Mombasa. Malipo shilingi moja kwa neno. Neno "bure" lazima liwe kwenye kichwa, lirudi kwenye aya ya kwanza, na kwa jumla lisipungue mara nane.

Kusema ukweli, kazi kama hiyo huwa siendi popote. Nimeandika kuhusu fukwe za Zanzibar nikiwa kitandani Myanga, stima imepotea na simu iko asilimia tisa. Nimewashauri watu wapi pa kula samaki Dubai. Mimi, ambaye pasipoti nimeiona mikononi mwa watu wengine tu.

Lakini wiki hiyo Shangazi, anayekaa Changamwe, alikuwa amenitumia nauli nimpelekee unga wa wimbi, simsim na jogoo wawili wa kienyeji. Nikaona Mungu ameniandikia ratiba. (Jogoo mmoja aliwika Mtito Andei saa tisa usiku, basi zima likaamka. Sikujitambulisha kama mwenyewe.)

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Kuka yangu, baba yake baba, alikuwa kuli Mombasa. Alipanda treni stesheni ya Myanga akiwa kijana wa miaka kama kumi na tisa, daraja la tatu, akaenda mpaka reli ilipoishia baharini. Reli ni ile ile inayopita nyuma ya soko letu ikienda Malaba na Uganda, ila mimi abiria sijawahi kuwaona wakishuka hapo, ni mizigo tu. Kuka alikuwa akisema "Kilindini" kama mtu anayetaja jina la mke wa kwanza. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na kwa ujinga wa umri ule sikuwa nimemwuliza chochote cha maana.

Basi saa tatu asubuhi nikawa nje ya Fort Jesus, kwenye kivuli, na watu wengine wanne: bwana na bibi wa Kijerumani waliovaa kofia zinazofanana, na wasichana wawili Waholanzi. Mwenye kutuongoza alikuwa kijana wa rika langu, kikoi, kandambili, sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za tuktuk. Kazi yake kwa Kiingereza ina jina ambalo ukilitamka kikwetu linakuwa "gaidi". Nilimwambia hivyo baadaye, akaniambia nisirudie mzaha huo karibu na askari.

Aliponiona aliuliza, "Kaka, wewe waja na sisi ama wangoja mtu?"

Nikamwambia naja, huwa naendanga ziara kama hizi.

Akacheka. "Naendanga! Wewe watoka bara, tena bara ya mbali."

Ziara ya bure haiingii ndani ya ngome. Ndani kuna kiingilio, na kiingilio si chake. Kwa hiyo tulisimulia ngome tukiwa nje, kama watu wanaoongelea harusi wasiyoalikwa. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Waomani wakaizingira kuanzia 1696 mpaka 1698, karibu miaka mitatu, watu ndani wakiisha kwa njaa na maradhi, hadi ilipotekwa. Kisha akasema, kama mtu anayesoma bei ya nyanya, kwamba Waingereza waliigeuza jela mwaka wa 1895 na ikabaki jela hadi 1958.

Mwaka wa 1895 ulinigusa mahali. Mtoto yeyote wa Bungoma anaujua mwaka huo. Ndio mwaka Hobley na askari wake waliwapiga Wabukusu pale Chetambe, kilimani karibu na Webuye. Watu wetu walikuwa wamejifungia ndani ya ngome yao ya udongo na handaki, na wenzao walikuja na bunduki ya Maxim. Hiyo nayo ni ngome. Imebaki tuta na majani.

Nilimwuliza yule kijana kama amewahi kusikia Chetambe. Hakuwa amesikia. Alitoa simu akaandika jina, akaniuliza herufi moja moja, huku Mjerumani akisubiri kwa adabu kujua tunajadili nini. Nikamwelezea kwa Kiingereza changu cha kuuza maneno. Akasema "interesting" na kupiga picha ya mzinga.

Kutoka pale tukashika barabara ya Mbarak Ali Hinawy kuelekea maji. Mtaa ni mwembamba, majumba yana roshani za mbao zinazoinama juu yako, na milango imechongwa maua. Msikiti wa Mandhry uko hapo, mweupe, una mnara wa ncha, na umri wake unahesabiwa toka 1570 hivi. Mbele yake kidogo bandari ya kale, ambapo tuliambiwa simu mfukoni, hakuna picha. Jahazi moja lilikuwa linapakiwa magodoro. Nilitazama wale vijana wakipita na magodoro kichwani nikawa sisikii tena habari za nahodha Owen na meli yake Leven iliyoachia nyumba moja na ngazi zake jina mwaka wa 1824. Nilikuwa natafuta Kuka. Nilijua si hapa, bandari yake ilikuwa ng'ambo ya pili ya kisiwa, ila mgongo wa mtu aliyebeba mzigo ni mgongo tu.

Ndia Kuu nilifurahi kidogo. Mimi niliposoma kibao nilidhani mchoraji amekosea tahajia. Kumbe ni Kimvita. "Sisi twasema ndia, si njia," akaeleza, halafu kwa Wazungu akatafsiri "Main Street" na kumaliza. Kwangu akaongeza mato, kwa maana ya macho. Nikamwambia kwamba shuleni kwetu ungechapwa kwa kuandika hivyo kwenye insha. Akasimama katikati ya njia. "Mwachapwa kwa kusema Kiswahili?"

Tulipumzika Kibokoni kwenye baraza, tukaletewa kahawa chungu na kashata. Kahawa tulilipa wenyewe, haikuwemo kwenye bure. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi hapo na bakora yake aliitikia salamu za wote kisha akanigeukia mimi.

"Wewe kijana watoka wapi?"

"Myanga, mzee."

"Hiyo ni Uganda?"

"Karibu na Uganda. Bungoma."

"Aaa, Mluhya." Akanywa. "Walikuwa wengi hapa, Waluhya. Bandarini. Wana nguvu." Alisema vizuri, bila ubaya wowote, na bado niliona kama tumefupishwa.

Saa tano na nusu ziara ikaishia Marikiti, kwenye harufu ya pilipili na iliki. Yule kijana akasema maneno anayoyasema kila siku, kwamba ziara haina bei, kila mtu atoe kadiri ya alivyopendezwa. Wajerumani wakatoa elfu moja wakamshika mkono. Waholanzi walionyeshana simu, wakanong'onezana, mmoja akasema kwa tabasamu kwamba kwenye mtandao imeandikwa bure, wakampa shilingi mia moja kwa pamoja na kumwomba awapige picha. Akawapiga tatu, moja akaikataa kwa sababu jua lilikuwa nyuma yao, akarudia.

Kwangu mimi M-Pesa ilikuwa na shilingi 640. Nilimtumia 200. Simu yake ililia, hakuitazama.

Walipoondoka nilimwuliza kama Majengo ni mbali.

"Majengo kuna nini? Huko hatupeleki watu."

Nikamwambia habari za Kuka. Alifikiri kidogo, akafunga kikoi upya, akasema twende, ana saa nzima kabla ya kundi la alasiri, na kundi lenyewe huenda lisije.

Hakuna anayekupeleka Majengo kwa ziara. Unavuka Digo Road, unaacha roshani nyuma, na nyumba zinakuwa fupi. Ila ndizo nyumba zilizoijenga Mombasa ya bandari: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma pa kupikia na kuoga. Kila chumba kilikodishwa na watu wa bara. Kuka alikuwa akisema kwao chumbani walikuwa wanaume watatu na kitanda kimoja, wa zamu ya usiku akirudi anamwamsha wa mchana, godoro halipoi. Tukiwa watoto tulidhani ni kichekesho, kwa sababu alikuwa anakisimulia akicheka.

Jambo moja tu la Mombasa alilisimulia bila kucheka, nalo ni mgomo wa makuli wa 1955. Tom Mboya alikuja kutoka Nairobi kuwatetea wapate nyongeza, na Kuka alisimama mbali akamwona. "Kijana tu," alikuwa akisema. "Kijana mdogo kabisa." Nimehesabu. Mboya alikuwa na miaka 24. Mimi nina 25 na sijamtetea hata jogoo.

Nyumba yake hatukuipata. Sikuwa na namba, sikuwa na jina la mwenye nyumba, nilikuwa na mwembe tu: alisema palikuwa na mwembe mlangoni. Tulizunguka tukitafuta mwembe. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi karai alituambia miembe ilikatwa zamani, magorofa yamekula kila kitu, na akatuuzia viazi. Tukala tumesimama.

Hapo ndipo aliponiuliza, "Wewe wasomea wapi?"

Swali hilo nina jibu lake la siku zote. Nyumbani Myanga bado naitwa Injinia. Mama huwaambia majirani kwamba siku hizi nasoma kwa kompyuta, na si uongo kamili, maana kompyuta ipo. Ukweli ni kwamba mwaka wa tatu pesa za miwa ya baba zilichelewa, nikaahirisha muhula mmoja, kisha mwaka, kisha nikaacha kufungua barua pepe za chuo. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu tulikuwa tumekosa mwembe pamoja.

"Mimi niliachia kidato cha pili," akasema. "Kijerumani nimejifunza ufuoni." Akapangusa mikono. "Sasa sikiza. Ukiandika hayo mambo yako, andika kwamba mimi nala bakshishi. Sina mshahara. Juzi walikuja watu wanane, saa mbili na nusu nimewazungusha na jua hili, wakanishukuru, wakaenda zao. Usiku nikaona wamenipa nyota tano."

"Nyota tano ni vizuri."

"Zapikwa na nini?"

Nikamwahidi. Nilisema, nakumbuka maneno yenyewe, "Hiyo niachie mimi."

Niliandika usiku ule sebuleni kwa Shangazi, huku jogoo aliyebaki akiwa amefungwa chini ya meza. Aya ya nne ilikuwa yake: kwamba ziara haina bei lakini ina mtu, kwamba chakula chake kinatoka kwenye mkono wako, na kiasi ambacho mtu mwenye haya angetoa. Nilidhani ndiyo aya nzuri kuliko zote. Nikaweka na Majengo, mistari miwili.

Mteja alijibu asubuhi. Majengo haihitajiki, wasomaji hawatakwenda huko. Aya ya nne inapingana na kichwa. Mtu akitafuta bure anataka bure. Tuitoe, sivyo?

Ningeweza kukataa. Nimejaribu mara nyingi kuisimulia hadithi hii kwa namna ambayo nilikataa. Shilingi 1,200 zilikuwa nauli ya kunifikisha Nairobi, na kutoka huko ningejua mbele. Niliandika: "Sawa, hakuna shida." Maneno yakapungua, na malipo nayo yakapungua, ikawa 1,040.

Makala ilitoka baada ya wiki mbili, bila jina langu kama kawaida. Neno "bure" lilikuwa limefika mara kumi na moja. Nilikuwa nimerudi Myanga, napalilia maharagwe na mama, simu iko mfukoni, ikalia.

"Kaka salama? Leo wamekuja saba, wote na simu, wameisoma sehemu. Wauliza na maji ya kunywa je, ni bure? Nimecheka sana. Hujambo huko Chetambe?"

Mama akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni rafiki, wa Mombasa. Akauliza kama ni wa chuo.