Mti wa Mjomba

Mbele ya mlango wa nyumba yetu ya Lunga Lunga pana mti mfupi uliopandwa katika chungu kikubwa cha udongo. Wapitao njiani, wakielekea sokoni au kwenye forodha ya mpakani, husimama wakautazama. Wakati wa masika mti huo huwa na majani ya kijani yanayong'aa, na hapo hauna ajabu kubwa. Lakini kiangazi kinapofika, kaskazi inapovuma na mbuzi hawana cha kutafuna, hupukutisha majani yake yote. Kisha, ukiwa mtupu kama fimbo, huchanua maua mekundu yenye weupe katikati. Wageni huniuliza, "Mti huu umetoka nchi gani?" Nami huwajibu kwamba haukutoka mbali, umetoka katika nyika yetu wenyewe. Walakini jibu hilo ni fupi mno. Jibu refu lina aibu yangu ndani yake, na nimeona vema kuliandika kwa faida ya vijana, maana aliyejikwaa ndiye anayejua kisiki kilipo.

Mti ulikuwa mali ya mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Msomaji asiyeijua pwani ya kusini pengine hatafahamu uzito wa jina hilo. Kwetu sisi Wadigo, tangu zamani, mjomba ni mtu mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, na neno lake halipuuzwi. Mjomba huyu alitunza bustani katika hoteli moja ya Diani kwa miaka mingi. Alipostaafu mwaka 1984 alirudi nyumbani na sanduku la nguo, baiskeli, na kopo la rangi lililotobolewa matundu chini, lenye mti ndani yake. Majirani walicheka. Mimi, niliyekuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nilimwuliza kwa nini amebeba mti badala ya redio.

"Redio husema mchana kutwa," akajibu, "na mti huu hunyamaza mwaka mzima, kisha husema mara moja. Mimi nimechoka na makelele."

Alinifundisha habari zake kidogo kidogo, na mengine niliyasoma baadaye vitabuni. Wauza maua huuita waridi la jangwani, ingawa si waridi hata kidogo. Ni jamaa ya oleanda, na baadhi ya wazee wa pwani huuita mdagu. Wataalamu wa mimea huuita Adenium obesum. Jina la kwanza linatokana na Aden, mji wa bandari wa Yemeni, na la pili ni neno la Kilatini lenye maana ya unene, kwa sababu shina lake huvimba chini kama kibuyu. Katika uvimbe huo mti huweka akiba ya maji, ukaishi kwa akiba hiyo miezi ambayo mbingu zimefungwa. Huota penye mawe na jua kali, kuanzia nchi za Afrika ya Magharibi zilizo kando ya Sahara hadi kwetu Afrika ya Mashariki, na ng'ambo ya bahari katika Arabuni. Mtu wa kwanza kuuandika katika elimu ya mimea ya Ulaya alikuwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyefika Yemeni katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark mwaka 1761. Forsskål alikufa huko kwa homa mwaka 1763, na wenzake wakafa mmoja baada ya mwingine, hata akarejea mmoja tu, Carsten Niebuhr. Huyo ndiye aliyeichapisha kazi ya marehemu mwaka 1775. Basi hata jina la mti huu lilifika vitabuni kwa sababu mtu mmoja alitunza vema amana ya mwenziwe. Mimi nilipopewa amana yangu sikuitunza hivyo.

Mwanzoni mwa mwaka 1986 macho ya mjomba yaliingia ugonjwa, akapelekwa Mombasa kwa binti yake ili atibiwe. Asubuhi ya safari aliniita kando ya kopo lake.

"Mpwa wangu," alisema, "nakuachia mti huu. Ukiusahau, hautakufa. Ukiukumbuka sana, utakufa."

Nilidhani anafanya mzaha, kwa kuwa wazee wetu hupenda kusema kwa mafumbo. Hata juma la pili halijaisha, majani yalianza kugeuka manjano na kuanguka. Hofu ilinishika. Niliona kwamba mjomba atarudi akute kijiti kikavu, aseme kuwa mtoto wa dada yake hana uaminifu. Nikaanza kuumwagia mti maji asubuhi na jioni, kata mbili kila mara. Majani yakazidi kuanguka. Nami nikazidisha maji. Nikatia samadi ya mbuzi. Nikauhamisha kutoka juani nikauweka kivulini, karibu na mtungi, nikiamini kwamba jua ndilo linaloutesa. Hapana mtoto aliyehudumia mti kwa bidii kuliko mimi. Kumbe mti haukuwa mgonjwa. Ulikuwa umevua nguo zake ili upumzike, kama afanyavyo kila kiangazi, na mimi nilikuwa nikiugharikisha usingizini.

Siku moja katikati ya Februari nilibonyeza shina kwa kidole, na kidole kikazama kama katika papai bovu. Maji ya kahawia yakatoka, na harufu mbaya. Nililia. Kisha, baada ya kulia, nilitenda jambo ambalo mpaka leo naona haya kulisimulia. Niliung'oa mti, nikautupa katika shimo la taka nyuma ya nyumba. Kesho yake nilichukua jembe, nikapanda baiskeli ya mjomba, nikaenda magharibi, ndani kabisa ya nyika, mahali ambapo wachungaji walikuwa wamenieleza kuwa miti ya namna hiyo ipo. Nikauona mmoja umesimama juu ya mawe, umechanua, peke yake katika nchi iliyoungua. Yamkini ulikuwa na umri mkubwa kuliko wangu. Nililima kuuzunguka mpaka adhuhuri. Mizizi ilipokataa kutoka niliikata. Niliurudisha nyumbani jioni, nikaupanda ndani ya kopo la rangi, nikasawazisha udongo kwa kiganja, nikajiona mwerevu. Mama alinitazama, asiseme neno.

Mjomba alirudi mwezi wa Machi, macho yake yakiwa na nuru kidogo tu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nipeleke kwenye mti wangu."

Nilimshika mkono nikampeleka. Aliinama, akapitisha vidole vyake juu ya shina polepole, kama mtu anayesoma. Kisha akanyamaza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa Ramadhani.

"Huyu ni mgeni," akasema. "Mwenyeji yuko wapi?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nilimwonyesha shimo la taka, nikamweleza yote, na sauti yangu ilikuwa ikikatika. Nilingoja fimbo. Mjomba hakuniinulia mkono wala sauti. Alisema, "Umeua mmoja kwa mapenzi na kung'oa wa pili kwa hofu. Wa kwanza nakusamehe, maana hukujua. Wa pili, mpwa wangu, ulijua."

Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo. Lakini hakuniacha nimelala juu ya kosa langu. Aliniamuru nishuke shimoni nitafute. Shina lilikuwa limeoza lote, ila tawi moja lililoegemea ukingo wa shimo, mahali pakavu, lilikuwa bado gumu. Mjomba alitaka kisu kikali. Alilikata tawi, akanipa ncha niiangalie. Nilipomwambia kwamba ndani mna alama ya kahawia, alikata tena juu zaidi, mpaka nikaona nyama nyeupe safi isiyo na doa. Akapaka majivu penye jeraha, akalining'iniza kivulini juma zima ili jeraha likauke. Ndipo tukalipanda katika mchanga mkavu wa mto uliochanganywa na kokoto, na kwa siku kadhaa hatukutia hata tone la maji. Kungoja huko kulinitesa. Kila jioni mkono wangu ulitaka kata, na kila jioni mjomba, kama aliyeuona mkono huo kwa macho ya moyo, aliniita nikae karibu naye.

Ama yule mgeni, mjomba aliamuru arudishwe kwao. Alipanda nyuma ya baiskeli, mti amekumbatia, nami nikaendesha hadi nyikani. Tuliupanda katika shimo lile lile, tukaurundikia mawe yale yale. Baada ya masika nilikwenda kuutazama. Ulikuwa umekauka. Nilikuwa nimekata mizizi mingi mno, na mvua haikuweza kuirudisha. Nasema haya waziwazi kwa sababu hadithi nyingi za watoto wakosefu huishia kila kitu kikirekebishwa. Yangu haikuishia hivyo. Pale juu ya mawe, penye mti uliovumilia ukame wa miaka isiyohesabika, pana shimo, na aliyelichimba ni mimi.

Lile tawi lilishika. Mwezi wa Januari mwaka 1989 lilichanua mara ya kwanza, maua manne. Mjomba, ambaye kwa wakati huo hakuweza kuona ila mwanga na giza, aliniomba nimweleze rangi. Nilimweleza wekundu wa ukingoni na weupe wa katikati, na petali tano zilizofunguka kama tarumbeta. Akatabasamu. "Basi umesema," akanena, akarudi kwenye mkeka wake. Mjomba hayupo tena duniani, lakini mti uliotokana na tawi lile ndio huu ulio mlangoni pangu. Mtazamaji hodari ataona kwamba tumbo lake si kubwa kama la miti iliyooteshwa kwa mbegu. Mti wa tawi kwa kawaida hauvimbi sana chini. Mimi siuonei haya wembamba wake. Hunikumbusha ulikotoka.

Siku hizi huotesha kwa mbegu, na kijana yeyote anaweza kufanya hivyo pasipo kuidhuru nyika. Ua likishika, mti huzaa maganda mawili yaliyoungana kama pembe za ng'ombe. Kabla hayajapasuka huyafunga kwa uzi, maana kila mbegu ina kishungi cha nyuzi laini pande zake zote mbili, na upepo ukizipata huzipeperusha mbali. Huzilaza juu ya mchanga wenye unyevu na kuzifunika kidogo tu, na baada ya juma moja hivi huchipua, kila mche ukiwa na kitumbo chake tangu utotoni. Chombo sharti kiwe na matundu chini. Udongo uwe wa mchanga na changarawe, usiotuamisha maji. Mti ukae juani. Maji utie pale tu udongo unapokauka kabisa, na majani yanapoanguka yenyewe, punguza maji mpaka karibu uyaache. Shina likilegea, likate upesi mpaka penye nyama safi.

Tena jihadhari. Uzuri wa mti huu una sumu. Utomvu wake hudhuru moyo, na Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hupika sumu ya mishale kutokana na mti wa ukoo huu. Kwa hiyo huosha mikono kila nikatapo tawi, na chungu changu nimekiinua mahali ambapo mbuzi hawafiki wala mtoto mdogo. Nigawapo miche huwaambia majirani sumu hiyo kabla sijawaambia habari za maua, kwani mwenye kutoa zawadi akaificha hatari yake amedanganya, na kudanganya kwa ajili ya mti nimekwisha kukujua.

Nilipokuwa kijana nilidhani kwamba anayependa zaidi ni yule anayetoa zaidi. Nimewaona tangu hapo wazazi wakiwafanyia watoto wao nilivyoufanyia mti: mtoto akinyamaza kidogo humwagiwa maneno, akipumzika huhurumiwa, akikabili jua hukimbizwa kivulini. Wengi wao hawana ubaya moyoni, kama mimi nilivyokuwa sina ubaya nilipokuwa nikichota maji. Kumjua unayempenda ni kazi ngumu kuliko kumhudumia, maana huduma hututuliza sisi wenyewe, na kujua hututaka tungoje.

Kila Januari, majani ya kwanza yanapoanguka mlangoni, mkono wangu bado hutamani kata. Mimi ni mtu mzima sasa, nina mvi, na bado hutamani. Huenda nikaketi juu ya baraza, nikaiweka mikono yote miwili magotini, nikangoja mti useme.