Mashini ya kuchapa ikinyamaza, karatasi ya familia iko wapi?

Goma, Kivu ya Kaskazini. Katika mitaa mingi ya mji huu kuna vibanda vya kutoa makaratasi: meza moja, kompyuta moja, mashini ya kuchapa ambayo wakaaji wanaita imprimanti, na betri chini ya meza kwa ajili ya saa ambazo umeme umekatika. Wanaokuja hapo si wanafunzi na wafanyakazi wa ofisi tu. Kuna pia familia zilizokimbia vita kutoka Masisi, Rutshuru ao Nyiragongo. Walitoka nyumbani na watoto mgongoni, makaratasi yakabaki. Kilichookoka ni picha ndani ya simu: kadi ya mpiga kura ya baba, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, buletini ya shule, diploma ya Serikali ya dada.

Hapa Kongo watu wengi wanatumia kadi ya mpiga kura kama kitambulisho. Kwa hiyo ile picha si kitu kidogo. Ikitoka kwenye karatasi, mama anaweza kwenda nayo shuleni kuandikisha mtoto, ao kwenye ofisi kuomba hati ya kupoteza vitambulisho. Isipotoka, anaambiwa arudi siku nyingine.

Kijana mmoja fundi wa programu, anayemsaidia yaya yake kwenye kibanda cha namna hiyo, aliona shida mbili. Ya kwanza: mteja analazimika kutoa simu yake yote mikononi mwa mtu asiyemjua, ao kutuma picha kwa WhatsApp na kumaliza mega zake. Ya pili: picha za watu zinarundikana ndani ya simu ya kibanda. Akaamua kuandika programu ndogo. Mteja anaunganisha simu yake kwenye waifai ya kibanda, anachagua picha, na picha inakwenda moja kwa moja kwenye imprimanti.

Ili hayo yawezekane, alihitaji kutengeneza mlango kati ya programu ya simu na programu inayoendesha mashini. Mtu anaweza kuuelewa kwa kufikiri gishe ya ofisi. Nje kuna mwenye dosye, ndani kuna mfanyakazi, na kati yao kuna dirisha lenye kanuni: useme nini kwanza, utoe nini, ujibiwe nini. Wa nje hana haja ya kujua ndani kuna meza ngapi. Anachohitaji ni kanuni zisizobadilika na jibu lisilodanganya.

Mlango wake wa kwanza ulikuwa na amri moja tu: "chapa". Simu inatoa picha, programu inajibu "sawa", basi. Siku ya kawaida ulifanya kazi vizuri. Kisha umeme ukakatika wakati mama mmoja anatuma kadi yake. Simu ilikuwa imeshajibiwa "sawa", lakini karatasi haikutoka. Mama akatuma tena, akajibiwa "sawa". Akatuma mara ya tatu. "Fundi, karatasi yangu iko wapi?" Kijana akamjibu, "Ilishaenda, mama." Ilikuwa imekwenda kweli, lakini kwenye foleni tu. Mama akachoka kungoja, akaondoka. Umeme uliporudi, karatasi tatu zikatoka kwa mfululizo, zenye jina, picha na mahali pa kuzaliwa, mbele ya watu wasiomjua.

Yaya yake hakulia karatasi tatu zilizopotea. Alisema neno moja: "Mudogo, zile si karatasi. Ni mtu." Mtu aliyekimbia anajua kwa nini. Jina, kijiji na kabila likisomwa na asiyestahili vinaweza kuleta hatari. Karatasi ile ile inayomfungulia mlango wa shule inaweza kumfungia njia mahali pengine.

Ndipo kijana akaanza kusoma namna wengine walivyotatua shida hiyo, na akakuta kwamba ni ya zamani. Mwaka 1990 kanuni za mlango mmoja uliotoka katika mfumo wa Unix wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ziliandikwa katika hati inayoitwa RFC 1179. Kompyuta inatuma faili, na upande wa pili unajibu kwa baiti moja tu: sifuri maana yake nimepokea, namba nyingine yoyote maana yake imeshindikana. Hali ya foleni inaweza kuulizwa, lakini jibu linakuja kama maandishi ya kusomwa na mtu, bila muundo mmoja ambao programu inaweza kuutegemea. Kwa lugha nyingine, ni gishe inayopokea dosye yako na kutikisa kichwa.

Mwaka 1999 wahandisi wa intaneti pamoja na watengenezaji wa mashini za kuchapa walitoa kanuni nyingine, zinazoitwa IPP. Toleo lake la mwaka 2017, RFC 8011, ni refu, lakini wazo lake kubwa ni rahisi: kila kazi inapewa namba, na mwenye namba ana haki ya kuuliza. Kazi inaweza kuwa katika hali saba: inangoja, imezuiliwa, inachapwa, imesimama katikati, imefutwa na mwenyewe, imeachwa na mashini kwa sababu ya kosa, ao imekamilika. Mashini nayo inaeleza sababu ya kusimama kwake: karatasi zimeisha, karatasi imekwama, wino umeisha. Kila mkaaji wa Kongo aliyewahi kupeleka barua ofisini anaelewa jambo hilo. Hauachi barua na kurudi nyumbani. Unarudi na kopi yenye muhuri wa kupokelewa, tarehe na namba. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kijana akabomoa mlango wake na kuujenga upya kwa hatua. Kwanza simu inauliza bila kutuma kitu: mashini inapokea picha ya namna gani, karatasi ziko, wino uko? Kama haiwezekani, mteja anajua kabla hajalipa. Pili simu inaomba namba ya kazi. Tatu inatuma picha kwa vipande, na kipande cha mwisho kinasema "mimi ni wa mwisho".

Vipande vina sababu. Ukurasa wa A4 ukichapwa kwa nukta 300 kwa inchi unakuwa na nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, yaani karibu milioni 8.7. Kwa rangi, bila kubanwa, hiyo ni karibu megabaiti 26 za ukurasa mmoja tu. Waifai ikikatika katikati, mlango mzuri haupaswi kuchapa nusu ya kadi. Kazi isiyofikiwa na kipande chake cha mwisho inangojwa kwa muda uliowekwa, kisha inaachwa, na simu ikiuliza inaambiwa hivyo.

Kwa wale wanaobonyeza mara tatu, aliongeza dawa ndogo. Simu yenyewe inatunga alama ya kazi yake kabla ya kutuma. Ikituma tena kazi ile ile, inakuja na alama ile ile, na mlango unajibu: "Hii ninayo, namba yake ni ile ile." Hakuna karatasi ya pili. Kubonyeza mara nyingi si kosa la mteja. Ni alama kwamba hakujibiwa vizuri.

Shida iliyomchukua muda mrefu zaidi ilikuwa neno la kujibu. Imprimanti ndogo ya kibanda, iliyofungwa kwa waya wa zamani, haiwezi kueleza kila mara kama karatasi imetoka. Programu inajua tu kwamba imeisha kutuma. Kusema "imechapwa" kungekuwa uongo. Akaacha neno "sawa" na kuweka maneno matatu: "imepokelewa", "imetumwa kwa mashini", na "imetoka". Neno la tatu halisemwi na programu. Linabonyezwa na yaya yake, aliye mbele ya mashini na kuiona karatasi kwa macho yake. Wenye kupenda kompyuta kufanya kila kitu wanaweza kuona huo ni udhaifu, lakini jibu la kweli linalotoka kwa mtu ni bora kuliko jibu la haraka lisilojua linachosema.

Ile siku ya karatasi tatu ikatatuliwa kwa njia ambayo nayo imo ndani ya IPP: kazi inaweza kuzuiliwa mpaka iachiliwe. Sasa picha inangoja kwenye foleni, na haichapwi mpaka mwenyewe asimame mbele ya meza na kusema tarakimu nne zilizo kwenye simu yake. Umeme ukirudi saa mbili usiku, hakuna kadi ya mtu inayotoka peke yake.

Ikabaki swali la mwisho: karatasi ikishatoka, picha inakwenda wapi? Wengi wanafikiri inaisha. Haiishi. CUPS, programu ya kuchapa inayotumiwa kwenye kompyuta nyingi za Linux na kwenye kompyuta za Apple, isipobadilishwa na mwenye mashini, inatunza faili iliyochapwa kwa sekunde 86,400, yaani siku nzima, ili iweze kuchapwa tena. Historia ya kazi nayo inabaki. Kwa ofisi hilo ni msaada. Kwa kibanda kilicho mtaani, ambako kompyuta inaweza kuibwa ao kuchukuliwa kwa nguvu, ni sanduku la majina ya watu. Kijana alibadilisha mpangilio huo ili faili ifutwe kazi inapokamilika. Kisha akaongeza amri moja kwenye mlango wake: "futa". Mteja anaibonyeza mwenyewe, na anajibiwa.

Programu yake ni ndogo, na inahudumia meza moja tu. Lakini inaonyesha jambo ambalo wanaotengeneza programu kwa ajili ya familia zilizohamishwa wanapaswa kulikumbuka, iwe ni kuandikisha watu, kugawa jeton ao kupokea malalamiko. Kupokea ni rahisi. Kila mlango unajua kupokea. Heshima ya mlango inaonekana kwa kile unachorudisha: namba, hali ya kweli, sababu ya kuchelewa, na haki ya kusema "rudisha" ao "futa".

Kwa wale ambao vibanda vyao havina programu ya namna hiyo, mambo hayo manne yanaweza kuombwa kwa mdomo. Usiondoke kabla ya kuona karatasi yako imetoka. Ikiwa mashini imesimama, omba kazi yako ifutwe kwenye foleni kabla ya kwenda kibanda kingine. Omba picha ifutwe kwenye kompyuta, kwenye simu ya kibanda na kwenye ufunguo wa USB. Na karatasi iliyochapwa vibaya usiiache mezani. Ichukue uende nayo, maana jina lililo juu yake ni lako.