Nairobi makofi, Dallas mkataba

Kila mwaka, kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7, wazee wa Marekani huruhusiwa kubadilisha mpango wao wa Medicare, ile bima ya afya ya serikali ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini mwaka 1965 kwa ajili ya watu wa miaka 65 na zaidi. Kwetu sisi mawakala tunaojitegemea, hayo ndiyo mavuno. Simu hazipoi, chakula cha mchana kinaliwa mbele ya kompyuta, na Desemba ikiingia makundi ya WhatsApp yanajaa picha za ngao, vyeti na majina ya "wakala mpya bora wa msimu". Jamaa zangu wa Nairobi wakiziona huniuliza, "Na wewe wamekupa nini?"

Jibu langu huwavunja moyo. Nilipewa cheti kilichokuja kwa barua pepe, nikichapishe mwenyewe nikitaka. Lakini kazi hii nimeifanya pande zote mbili, kwa hiyo nina la kusema kuhusu wapi mgeni wa kazi hutuzwa, na wapi hushangiliwa tu.

Nairobi niliuza bima za maisha na za afya, nikiwa na COP, cheti cha kuingilia kazi ya bima, na leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima Kenya, katika ofisi moja ya katikati ya jiji. Jumatatu asubuhi tulianza kwa sala, ukafuata wimbo, kisha meneja wa kitengo akasimama kando ya ubao mweupe wenye majina yetu na shilingi alizoleta kila mmoja wiki iliyopita. Mgeni akishafunga biashara yake ya kwanza aliitwa mbele, akapigiwa makofi ya kilo, akakabidhiwa mwavuli wenye nembo ya kampuni au vocha ya supamaketi, na picha ikapigwa. Ukitoka pale unajiona waziri.

Sidharau. Kijana aliyezunguka mjini na digrii yake ndani ya bahasha hadi bahasha ikachakaa, siku jina lake linapotajwa mbele ya watu kwa jambo jema, hilo si dogo. Marekani sijawahi kuona mgeni akishangiliwa namna ile.

Shida ni kile ubao ulichokuwa ukihesabu: shilingi zilizoingia, basi. Na mgeni shilingi zake anazitoa wapi? Kwa shangazi, kwa wenzake wa chama, kwa waimbaji wa kwaya, kwa mwalimu wake wa sekondari. Ndiyo maana mgeni hung'aa miezi michache ya kwanza. Ndugu wakiisha, naye anaisha, na meneja anatafuta mgeni mwingine mwenye ndugu wapya. Yule shangazi aliyekata bima kwa kukuonea huruma anaacha kulipa kimyakimya, na hakuna Jumatatu ambayo ubao utaandika kwamba ameacha. Wanaovuka bonde hilo hufika mbali kweli: wako wanaopanda jukwaani kwenye tuzo za mawakala za chama cha makampuni ya bima, AKI, na wako wanaoingia MDRT, chama cha wauza bima wakubwa duniani kilichoanzishwa Memphis mwaka 1927. Nawavulia kofia. Ila hao si wageni tena, nami hapa nasema habari za wageni.

Dallas hakuna aliyeniimbia. Kwanza leseni ya jimbo la Texas. Halafu mtihani wa AHIP, ambao mawakala wengi wa Medicare huufanya upya kila mwaka. Alama ya kufaulu ni 90 kwa mia, na una nafasi tatu. Halafu kila kampuni unayotaka kuuza mipango yake ina mtihani wake. Ada ya mtihani, bima ya makosa ya kikazi, mafuta ya gari, vyote vinatoka mfukoni mwako kabla hujaona hata senti. Wengi huchoka hapo.

Anayebaki anakuta jambo ambalo kwetu sikulijua. Kamisheni ya juu kabisa imewekwa na serikali yenyewe, kupitia CMS, idara inayosimamia Medicare. Kwa mwaka 2025, katika majimbo mengi, mteja mpya kwenye Medicare Advantage, yaani mpango wa Medicare unaoendeshwa na kampuni binafsi, alikuwa na dola 626 kwa wakala. Mwaka unaofuata akibaki kwenye mpango, unalipwa nusu, ambayo kwa viwango vya 2025 ilikuwa dola 313, na mwaka wa tatu vilevile, kwa viwango vya mwaka husika, maadamu yupo na mkataba wako uko hai. Anayeuza mpango wa dawa peke yake kiwango chake kilikuwa dola 109, kisha 55. Kiwango hicho hakimtazami mtu usoni: aliyeanza jana na aliye na miaka ishirini kazini wamewekewa dari moja.

Fanya hesabu ya wateja mia moja waliotulia, kila mmoja dola 313. Ni dola 31,300 kwa mwaka kabla hujaongeza mteja hata mmoja. Mgeni aliyevumilia misimu michache ameshajenga kitu. Na mteja akihama ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, malipo kwa kawaida hurudishwa yalikotoka. Shangazi wa kuonewa huruma hapa ni hasara tupu.

Isitoshe, milango ya kumpata huyo shangazi imebanwa. Huruhusiwi kubisha hodi nyumba kwa nyumba kuuza Medicare, wala kumpigia simu mtu asiyekupa ruhusa. Kwenye mkutano wa mauzo huruhusiwi kuwalisha watu mlo, vitafunio tu, na zawadi isizidi dola 15. Mwenzangu wa Nairobi nilipomweleza alicheka: "Ajenti bila chai na mandazi, atauza na nini?"

Atauza na subira. Msimu wa 2024 nilikaa jikoni kwa mama mmoja mzaliwa wa Bukavu. Fomu ya kukubali mazungumzo alikuwa ameshaitia saini siku kadhaa nyuma, maana kanuni ilitaka zipite saa 48. Akamimina mezani mfuko mzima wa dawa: za sukari, za presha, chupa ya matone ya macho iliyobaki tone. "Soma wewe, mwanangu, mie macho yamechoka." Nikaandika kila dawa kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, nikatazama kama kliniki yake imo kwenye mtandao wa mpango, nikamweleza kwa Kiswahili kila gharama itakayomwangukia. Mwisho tukaona mpango alionao unamfaa, abaki nao. Nililipwa sambusa mbili na kikombe cha chai.

Hapo ndipo mfumo wa Marekani nao unaponikera. Unamlipa wakala kwa kuandikisha na kwa mteja wake kubaki. Kumwambia mzee ambaye si mteja wako "tulia ulipo" hakuna kampuni inayokulipia, wala cheti. Na palipo na dari ya kamisheni, watu hutafuta dirisha. Kanuni zinahesabu bonasi, zawadi na tuzo kuwa sehemu ya malipo ya wakala, lakini kampuni za kati, zinazowaunganisha mawakala na makampuni ya bima, zilizoea kupata fedha za "utawala" juu ya kamisheni, na huko ndiko mashaka juu ya safari na bonasi za mawakala yalikozuka. Mwaka 2024 CMS ilitoa kanuni ya kuziba mwanya huo. Julai mwaka huohuo jaji wa shirikisho Texas akaisimamisha. Kisha msimu ulipofika, baadhi ya makampuni yakaacha kabisa kulipa kamisheni kwa baadhi ya mipango. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mkataba ni ngome. Hata hivyo, ukinipa mwavuli na dola 313 za kila mwaka nichague, najua nitakachochukua.

Nyumbani somo hili linahusu zaidi ya makampuni binafsi. Tangu Oktoba 1, 2024, Kenya imeacha NHIF, bima yake ya zamani ya afya ya taifa, na kuingia SHA, na wanaowahimiza watu vijijini wajiandikishe ni wahamasishaji wa afya ya jamii, wale laki moja waliogawiwa mikoba ya vifaa mwaka 2023. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Waliojisajili ni wengi. Wasio na ajira rasmi wanaoendelea kulipa ni wachache mno. Yule mhamasishaji anayemfuata mama mboga ili asikatize malipo anapata posho ileile anayopata asiyemfuata mtu. Kama ningekuwa na sauti SHA, ningeanza na huyo: alipwe kidogo juu ya posho kwa kila nyumba iliyoendelea kulipa mwaka wa pili. Na mameneja wa bima za binafsi waongeze safu moja tu kwenye ule ubao wa Jumatatu, ya wateja wa mwaka jana ambao bado wapo.

Kwa wewe uliye Dallas, Minneapolis au Columbus unayetaka kuanza kazi hii, kampuni za kati zitakuja na ahadi za jukwaa na safari. Wasikilize, kisha uulize maswali mawili kabla hujasaini: nikiondoka, malipo ya wateja wangu yanaendelea kuwa yangu? Na mkiniudhi, mtanipa barua ya kuniachia niende kwingine? Majibu yawe kwa maandishi. Wakikwepa, ondoka, hata kama wameshachapisha jina lako kwenye ngao.