Kwa Baiskeli Hadi Lalago

Bila shaka wengi wenu mna baiskeli nyumbani, tena mwaijua kazi yake: kupeleka pamba sokoni, kuchota maji, kumbeba mama na mtoto kwenda zahanati. Leo nawaomba muifikirie baiskeli hiyo hiyo katika safari ya siku nyingi, toka Arusha hadi Ziwa Viktoria.

Labda mtauliza, kwa nini kupitia Lalago, na hali njia fupi ni ile ikatayo Serengeti? Hifadhini baiskeli haziruhusiwi, wala si ajabu, kwani simba habagui mgeni wala mwenyeji. Basi mwenye baiskeli hana budi kuzunguka kusini: Karatu, Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, Matala, Mwanhuzi, ndipo afike Lalago, wilaya ya Maswa. Zamani Mwanhuzi na Lalago zilikuwa za Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake ni Bariadi.

Mimi na mpwa wangu tuliondoka Mwanhuzi saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Machi 2016. Njia ilikuwa kavu, na kila tuliyekutana naye alitupa "Mwangaluka," nasi tukaitikia. Kufika saa nne, mvua ikatunyeshea.

Ninyi mnaokaa Usukuma mnaujua ule udongo mweusi uitwao mbuga. Kiangazi hupasuka nyufa, hata mguu wa ng'ombe waweza kunasa. Ukinywa maji huvimba, ukawa kama ugali usioiva. Pamba huupenda, lakini baiskeli haiuwezi kabisa. Hatukwenda hatua mia, tope likajaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu likagoma kuzunguka. Tukakwangua kwa kijiti, tukasukuma, likajaa tena. Mwisho tulifungua madigadi tukayafunga kwenye keria, tukazikokota baiskeli juu ya majani ya kando, ambako tope ni haba. (Ukipita huko masika, yafungue mapema, usingoje kama sisi!) Lakini kwenye majani mna miiba ya migunga. Mpira wa ndani wa mpwa wangu ulitoboka mara tatu, na solusheni haishiki palipo na maji, hata tukalazimika kukausha mpira kwa shati, tena ndani ya koti la mvua. Chakula chetu kilikuwa matobolwa tuliyonunua Mwanhuzi, nayo yalitufaa kuliko mkate, kwa kuwa hayaharibiki mfukoni.

Saa kumi tukafika kwenye korongo. Hapo barabara hushuka hadi chini, na maji hupita juu ya zege. Kiangazi ni mchanga mtupu, watu huchimba visima humo wapate maji ya kunywa. Siku ile maji yalifika magotini tu. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka.

"Mjomba, tuvuke," akasema mpwa wangu, naye amekwisha kuinua baiskeli begani.

Mzee mmoja alikuwa ameketi ng'ambo yetu hii na ng'ombe wake. Tukamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Wanangu, ng'ombe wangu wanataka kwenda nyumbani kuliko ninyi, nami nimewazuia. Tazameni kule." Upande wa mashariki mbingu ilikuwa nyeusi tii.

Mpwa wangu alinung'unika, maana giza lilikuwa karibu na Lalago bado mbali. Hata hivyo tukakaa. Haikupita nusu saa, tukasikia mvumo kama lori, na maji mekundu yakashuka yamebeba matawi na gogo zima la mti, yakafika kifuani mwa mtu. Kijana akatua baiskeli yake chini polepole, asiseme neno.

Tulivuka saa moja na nusu usiku, maji yalipopungua, tukiwa nyuma ya mikia ya ng'ombe, na mzee akitumulikia kwa tochi. Lalago tuliingia saa nne. Mama mmoja mwenye hoteli alikuwa amekwisha kufunga, lakini alipoona miguu yetu akakoka moto upya, akatupa ugali na maziwa ya mgando.

Asubuhi hatukuondoka. Tulishinda nyuma ya hoteli tukibandua tope lililokauka kama tofali kwenye ringi na mnyororo, na watoto wa jirani wakatuletea vijiti.