Kipyenga Kabla ya Shuti

Jumamosi, 8 Februari 2025
Darasa la waamuzi wa lakrosi ya wasichana limeanza, kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja kaskazini mwa Baltimore. Lakrosi, mchezo wa kurusha mpira kwa fimbo yenye mfuko wa wavu, ni mchezo rasmi wa timu wa jimbo hili la Maryland tangu 2004, na majira ya kuchipua yakikaribia hakuna kiwanja cha shule ambacho hakijachorwa mistari yake. Tumeanza na mistari hiyo. Mbele ya goli kuna duara dogo la kipa, kisha tao la mita 8, kisha la mita 12. Timu ina wachezaji 12. Wanaoshambulia wakivuka mstari wa zuio wasizidi 7, wanaolinda wasizidi 8, kipa akiwemo. Akizidi mmoja, ameotea.

Hayo ni ya kukariri tu. Kilichonikaa moyoni ni jambo ambalo mwalimu alilisema mapema kabisa: wavulana huvaa helmeti na pedi, wasichana, ukimtoa kipa, wana miwani ya waya na kinga ya meno, basi. Mpira ni wa raba ngumu, na mkono wa msichana wa miaka 16 unaurusha kwa kasi ya kuogofya. Ukilishika hilo, alisema, nusu ya kitabu cha sheria umekwisha kukielewa.

Jumapili, 16 Februari
Ukaguzi wa fimbo. Unaweka mpira kwenye mfuko wa wavu, unainua fimbo mpaka usawa wa macho, unaitazama kwa ubavu. Sehemu ya juu ya mpira lazima ionekane juu ya ukingo. Isipoonekana, mfuko una kina mno na fimbo hiyo haiingii uwanjani mpaka kamba zikazwe. Kisha unaigeuza: mpira uanguke wenyewe, usinasenase. Nimekagua rundo zima mpaka vidole vikanuka raba. Napenda kazi hii. Binti anakukabidhi fimbo yake kwa mikono miwili na kukutazama usoni akisubiri jibu, na hapo ndipo mnapofahamiana kabla ya mechi.

Alhamisi, 20 Februari
Leo ni sheria ya nafasi ya shuti, na nataka kuiandika yote kabla sijalala.

Chora mstari kutoka kwenye mpira mpaka ukingo mmoja wa duara la kipa, na mwingine mpaka ukingo wa pili. Unapata pembe. Mshambuliaji akiwa na nafasi ya kupiga, beki haruhusiwi kuingia wala kusimama ndani ya pembe hiyo ila awe anamkaba mtu, karibu kiasi cha kumfikia kwa fimbo. Akisimama humo peke yake, ni faulo kubwa. Mshambuliaji anapewa mpira kwenye tao la mita 8, njia ya kwenda golini inasafishwa, na beki aliyekosa anakwenda kukaa mita 4 nyuma yake.

Nilikulia kwenye netiboli, nikazoea faulo kuwa ni kosa ulilomfanyia mwenzako. Hapa beki hajamgusa mtu. Amejiweka tu mahali ambapo mpira ungempata kifuani au shingoni, na sheria inamwadhibu kwa kujihatarisha. Darasani wapo waliolalamika kwamba ni uonevu: beki hodari anajitolea mwili wake, halafu timu yake inalipa. Mimi naona ni sheria yenye huruma kuliko zote nilizowahi kusoma katika mchezo wowote. Inakataa ushujaa wa aina hiyo kwa mtoto. Inamwambia kwamba hakuna goli linalostahili mbavu zake.

Ugumu uko kwenye wakati. Ukingoja uone kama mpira utampiga, umechelewa. Kipyenga kinapulizwa mshambuliaji anapoonyesha nia: bega linarudi nyuma, macho yanatua golini. Maana yake mwamuzi hawezi kuutazama mpira. Anatazama mabega ya mwenye mpira na miguu ya mabeki, na mpira anauona kwa pembeni. Mwalimu alituonyesha video bila sauti na kutuamuru tufunike mpira kwa kidole kwenye skrini. Ghafla nikaanza kuona mchezo.

Jumamosi, 1 Machi
Sekunde 3. Beki asiyemkaba mtu haruhusiwi kukaa ndani ya tao la mita 8 zaidi ya hapo. Dada mmoja Mkenya tunayesoma naye, naye alicheza netiboli shuleni, alinicheka nilipoanza kuhesabu kwa kumtazama mwenye mpira. “Dada, kule sekunde tatu ni za mikono. Hapa ni za miguu.” Kweli. Kwenye netiboli unahesabiwa kwa kushika mpira. Hapa unahesabiwa kwa kusimama pasipo na kazi.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Nimesoma kidogo. Mchezo wenyewe ni wa mataifa ya asili ya Amerika Kaskazini, Haudenosaunee wakiwa mbele. Wasichana waliuanza Uskoti, shule ya St Leonards, mwaka 1890, na Rosabelle Sinclair akaanzisha timu hapa hapa Baltimore, shule ya Bryn Mawr, mwaka 1926.

Jumamosi, 15 Machi
Mazoezi ya kweli, baridi kali. Nimeanzisha mpira katikati: wasichana wawili, fimbo zimepeana mgongo juu ya kiuno, naweka mpira kati yake, narudi nyuma, “tayari”, kipyenga. Mpira lazima upande juu ya vichwa vyao.

Kipindi cha pili fimbo ya beki ilipita karibu na kichwa cha mwenzake. Kuzunguka kichwa kuna eneo la sentimita 18 ambalo fimbo hairuhusiwi kuingia, hata isipogusa. Nikasimamisha. Kocha wa beki akapaza sauti kwamba hakuna aliyeguswa. Ni kweli hakuguswa, na faulo ilibaki faulo. Ingempiga kichwani ingekuwa kadi, dakika 2 nje kwa ya njano.

Baadaye kipyenga cha nafasi ya shuti. Beki, mdogo wa mwili, alinitazama kama niliyemnyang’anya kitu. Nikamwonyesha kwa mikono miwili pembe ilipo na yeye aliposimama. Hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Alhamisi ijayo waamuzi tuna kikao, na nina ombi moja. Kabla ya kila mechi ya wadogo, mabeki na makipa wa timu zote mbili waitwe pamoja mbele ya goli, wachorewe pembe hiyo kwa kamba, wasimame ndani yake, kisha watoke. Dakika tano zinatosha. Tusingoje mpaka aumie mtu.