Ukuta Wetu Ulipomfukuza Mama Mboga

Je, umewahi kuhesabu taa zinazowaka kando ya njia upitayo usiku ukitoka kazini? Mimi sikuwahi, hadi jioni niliyonyang'anywa mkoba hatua chache tu kutoka lango la nyumbani.

Naishi Zimmerman, Nairobi, kando ya Barabara ya Kamiti, ile inayochepuka kutoka Barabara Kuu ya Thika pale Roysambu. Barabara hiyo kuu ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, bei ya ploti huku kwetu ilipanda. Naye aliyenunua ploti kwa bei ghali hawezi kujenga nyumba ya chini tu. Hupandisha ghorofa tano au sita, ndipo kodi imrudishie pesa zake.

Majumba mengi ya huku yana desturi moja: chini maduka, juu wapangaji. Utamkuta kinyozi, fundi wa nguo na duka la dawa, na nje mama mboga akikatakata sukuma wiki kwa mwanga wa taa yake hadi saa tatu usiku. Kelele hazikosi, nao waendao kwa miguu hubanana na bodaboda. Lakini macho nayo hayakosi. Binti yangu alipochelewa kutoka shuleni, niliambiwa alikopitia hata kabla sijauliza.

Jumba letu ni la mtindo mpya. Chini ni maegesho ya magari, na upande wa barabara ni ukuta mrefu na lango la chuma. Mama mboga mmoja alikuwa ameweka kibanda chake mbele ya ukuta huo. Wapangaji tulipokutana, tulisema anatuchafulia mahali. Tukapiga kura kwa kuinua mikono. Akahama.

Majuto ni mjukuu. Wezi walinisubiri pale pale alipokuwa akiketi, kwani palibaki giza tupu. Nilipiga mayowe. Madirisha yalifunguka huko juu, watu wakachungulia, lakini nani angeteremka ngazi za ghorofa nne kwa wakati? Bawabu naye alikuwa ndani, akililinda lango.

Katika kikao kilichofuata, jirani alipendekeza tutie nyaya za umeme juu ya ukuta. Nikauliza: nyaya hizo zitamlinda nani aliye nje? Nikaomba taa za upande wa barabara, na sehemu ya maegesho igeuzwe vyumba viwili vya duka. Mwenye nyumba alisema atafikiria. Taa amekwisha kuweka. Maduka bado.

Juzi nilimwona mama mboga ng'ambo ya barabara, nikamsihi arudi. Akanitazama kwa upole.

"Na siku ile mlipoinua mikono, mama, wako ulikuwa wapi?"

Sikuwa na la kujibu, maana ulikuwa juu pamoja na mingine. Nililipia sukuma wiki nikavuka barabara.

Nawe msomaji, pengine jumba jipya linajengwa karibu nawe, au umeitwa kikaoni kuamua nani aondolewe mbele ya lango. Kabla hujainua mkono, teremka kwanza usimame nje saa mbili usiku, peke yako.